Mawe Manne

Kutoka lami hadi mlangoni kwangu, Igogo mlimani,
kuna mawe manne ya kupumzikia.
La kwanza naliita Benki: hapo huhesabu hela za dagaa.
La pili Nyanjige huanikia udaga.
La tatu limepasuka, lina mjusi wake.
La nne lilikuwa la sigara ya mwisho,
watoto wasinione.

Miaka ishirini na miwili.
Nilianzia Mwaloni, usiku wa kusubiri mitumbwi.
Kwandu alinifunza: geuza, kichwa cha moto kiingie kinywani,
upepo wa ziwa usikizime,
wala mwanamume asikione.
Nikajua kufumba moto mdomoni
na bado nikapatana bei.

Bugando, nesi hakunigombeza.
Alichora mshipa nyuma ya kadi yangu.
“Moto haukubaki kinywani, mama. Uliteremka.
Humu ndani kumevimba kama ufizi wenye jino bovu,
na damu inapita hapo hapo, usiku na mchana.”
Kisha akasema kwa sauti ndogo
kwamba moyo wa mwanamke mara nyingi haupigi yowe;
huja kama uchovu, kama kichefuchefu, kama taya linalouma,
nasi tunasema ni kazi.

Nikaacha.
Wiki ya kwanza nilimchukia hata mjusi.
Nilimtukana mteja wa Kongo kwa ndoo moja ya dagaa,
nikatafuna mbegu za maboga hadi ulimi ukachubuka.
Kikohozi kikazidi, sketi zikakataa kufunga.
Hakuna aliyenipongeza.

Mwezi wa tatu wakanitoa damu tena.
Namba ya uvimbe ilikuwa imeshuka.
Si sana. Nesi aliizungushia kalamu ya bluu:
“Deni lipo bado. Riba ndiyo imeacha kupanda.”
Lugha hiyo naielewa.

Jana nilipanda na ndoo ya maji kichwani.
Benki nikaipita.
Nikampita Nyanjige na udaga wake.
Kwenye ufa nilisimama, kwa mazoea tu,
mjusi akanitazama, nikaona aibu, nikaendelea.

Juu ya jiwe la nne alikaa Kwandu,
amefumba mdomo, moshi ukimtoka puani.
Nikatua ndoo, nikakaa upande unakotoka upepo.
“Siku hizi unanuka sabuni,” akasema,
kama mtu anayelalamika.

Nikamshika mkono.
Nikautafuta mshipa chini ya kidole gumba chake,
ulipo, unakimbia,
nikaanza kuhesabu.
Hakuuondoa.