Nati Iliyobaki

Jumapili, misa ikiisha, tunatandika gunia
chini ya bati la Mwilambwe, hapa Katuba,
na moteri ya Pijo tunailaza juu yake.
Si yetu. Lakini nani mwingine anaitaka?
Ilibeba mikate kutoka mtaa wa Kenya mpaka Kamalondo
miaka ile ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa na meno.
Halafu ikabeba makaa. Halafu mbuzi.
Halafu ikabebwa.

Beseni ni lile la kufulia.
"Lisirudi kwangu," alisema mama wa nyumba,
na kweli halitarudi:
mazuti ndani yake yalianza kama chai ya rangi,
yakawa kahawa,
sasa ni usiku mtupu wenye bolti chini.
Kapya anasugua pistoni kwa mswaki wake wa zamani.
"Meno yangu hayajawahi kupata heshima hii," anasema.
Tunamwamini.

Sampwe haongei. Amelaza msasa juu ya kioo cha dirisha,
na juu ya msasa kifuniko cha silinda,
anakisukuma akiandika nane,
nane, nane, nane,
mpaka chuma kinaanza kurudisha uso wake.

Mimi ni mshonaji, kwa hiyo nimepewa kabureta.
Wanadhani nitatumia sindano.
Situmii. Mji wetu ni wa shaba nyekundu,
lakini vitundu hivi ni vya shaba nyeupe, laini,
sindano ikipita, mkwaruzo haufutiki.
Nachomoa unyasi mmoja wa fagio,
naupitisha, napuliza, nafumba jicho moja:
jua lote la Julai limo humo,
dogo kuliko punje ya ulezi.

Jumapili ya nne tulifungua pampu ya maji.
Gasketi yake ilikuwa kipande cha kartoni ya maziwa ya unga.
Nusu ya kichwa cha ng'ombe ilikuwa imebaki,
jicho moja limelowa mafuta, linatutazama.
Nani aliikata? Kwa mkasi gani,
mvua ya saa ngapi ikimpiga mgongoni,
mikate ikipoa nyuma yake?
"Hii si ya kiwanda," alisema Kapya.
"Lakini haikuvuja," alisema Sampwe,
neno lake la kwanza siku hiyo.
Tukanyamaza,
kama watu waliopigiwa hodi na mtu asiyeonekana.

Nikarudi nyumbani, nikaleta daftari la vipimo,
nikakata gasketi mpya kwenye jalada lake gumu.
Upande wa ndani kuna mwandiko wangu:
*Bi harusi Mujinga, kiuno themanini na mbili,
amelipa nusu.*
Sasa kiuno hicho kinazuia maji.
Atakayefungua baada yetu, na ajiulize.

Jumapili ya saba: mnyororo, boriti, matusi kidogo,
moteri ikashuka mahali pake.
Tukafunga, tukakaza, tukafuta mikono.
Ndipo Kapya akatazama kwenye gunia.
Nati moja.
Safi, inang'aa, haina mwenyewe.
Kila mmoja alitazama kazi yake,
kisha, kwa upole, kazi ya mwenzake.

Mwilambwe hakusema kitu. Alichomeka manivela,
akazungusha mara moja, mara mbili, mara ya tano.
Ikakohoa. Ikatema moshi wa buluu.
Kuku wakapanda uzio, mtoto wa jirani akalia,
na Pijo ikaanza kusema,
kwa kigugumizi, lakini ikasema,
nasi tukaruka-ruka kwenye vumbi jekundu
tukimwaga munkoyo kwenye viatu vya kanisani.

Nati nilienda nayo mimi.
Inakaa mezani, inakandamiza karatasi za mitindo
upepo ukiingia.
Alfajiri huisikia Pijo ikipanda barabara na mikate,
naachia pedali ya cherehani,
nasikiliza.
Ikishapita kona salama
naendelea kushona.