Saa Sitini

Darasa letu liko juu ya duka la mikate, mjini Kutaisi;
tunajifunza usuluhishi huku tukinusa unga unaoungua.
Saa sitini za mafunzo, mtihani, kisha kesi tano
ukiketi kando ya aliyekutangulia,
kalamu mkononi, mdomo umeufunga.
Nina miaka hamsini na mmoja. Kemia nimeifundisha ishirini na miwili,
nikidhani najua kwa nini vitu viwili vikikutana hulipuka.

Mwalimu Lamara amelipiga marufuku neno "lakini".
Ukilitamka, unatia sarafu kwenye kopo.
Zurabi, hakimu mstaafu, ndiye aliyelijaza:
husikiliza dakika tatu, kisha mkono wake wa kulia
unapanda wenyewe, unatafuta nyundo.
"Shusha," Lamara humwambia. "Hapa hakuna mshinde."

Tunapewa vikaratasi: wewe ni kaka aliyeuza ng'ombe wa urithi,
wewe ni dada aliyezisikia habari sokoni.
Tunagombana kwa kuigiza, na siku moja
Eteri alilia machozi ya kweli, karatasi ikalowa,
tusijue tumpatanishe na nani.

Kesi yangu ya kwanza: lifti ya jengo la ghorofa tisa,
ile ya kutumbukiza sarafu ndipo ipande.
Wa ghorofa ya pili hataki kuchangia waya mpya.
Wa tisa ana magoti mabovu.
Tulifundishwa kuhesabu hadi saba kabla ya kusema neno;
nilifika kumi na moja, na ndani ya ukimya ule
wa ghorofa ya pili akauliza, polepole,
"Yote mawili?"

Hilo halimo kitabuni.

Cheti nimekitundika jikoni.
Chini yake pana pengo la cherehani ya mama,
ambayo Nanuli, dada yangu, aliibeba miaka tisa iliyopita.
Yeye asema nilimpa. Mimi nasema aliiba,
na "lakini" zangu zingejaza makopo matatu.
Nimeyajaribu maneno ya ufunguzi mbele ya birika:
Mimi si hakimu. Siegemei upande.
Uongo mtupu. Mganga hajigangi.

Jana nilimpigia Zurabi, yule wa nyundo.
Nilimwuliza kama Jumapili ana nafasi,
kama anaweza kuketi kati ya wanawake wawili wakaidi
na kuuacha mkono wake mezani.
Alinyamaza. Nikahesabu.
Alifika tisa.