Uzi wa Arobaini

Nilimenya waya kwa meno,
nikatema plastiki dirishani,
nikasema: kazi ya dakika tano.

Keko Machungwa, Jumamosi, saa nane mchana.
Mtu mzima mimi, mwenye cheti cha uhasibu,
nimepiga magoti nyuma ya amplifaya ya baba
kama mwizi anayepapasa kitasa.

Nyuzi thelathini na tisa za shaba
ziliingia tunduni kwa adabu.
Wa arobaini, mwembamba kama ndevu ya hindi,
ulibaki nje, ukainama kwa jirani:
mguu kwenye nyekundu, kichwa kwenye nyeusi.
Sikuuona.
Nani huona unywele nyuma ya kabati,
palipo na vumbi la tangu tuhamie,
kifuniko cha kalamu,
na senti za kabla sijazaliwa?

Nikawasha. Tap! Fyuzi.

Mwenye busara angeuliza: kwa nini?
Mimi niliuliza: iko wapi pakiti ya sigara za shemeji?
Nikabandua karatasi yake ya fedha,
nikaivingirisha, nikaichomeka mahali pa fyuzi,
nikajipongeza, tena kwa sauti,
nikamwita Siwema aje aone ufundi.

Akaja na mwiko mkononi.
Taa ya kijani ikawaka.
Spika ya kushoto ikaguna,
mguno wa mtu aliyekanyagwa na hataki ugomvi.
Kisha harufu.
Si wali ulioungua, si nywele kwenye pasi.
Moshi ukatoka kwenye vitundu vya kifuniko,
ukapanda mbele ya picha ya baba mwenye sare ya reli,
ukaenda zake dirishani
kuifuata plastiki yangu.
Siwema alisema neno moja tu: "Saa mbili."

Maana saa mbili usiku, kila siku,
baba husikiliza taarifa ya habari kwa sikio moja,
na matangazo ya vifo kwa yote mawili.
Husema anahakikisha hajatajwa.

Nilipanda bajaji, amplifaya mapajani,
bado ya moto, kama mtoto mwenye homa.
Gerezani, fundi Shomvi aliinusa kabla ya kuifungua.
"Mmefunga nini humu?"
Huo wingi, "mmefunga", ulikuwa huruma yake.
Akaivuta ile karatasi kwa kibano
kama daktari atoaye punje ya harage
puani mwa mtoto wa watu.
"Fyuzi alikufa ili wenzake wapone.
Wewe hukungoja hata arobaini,
ukamkalisha karatasi kwenye kiti chake."
Akahesabu kwa ncha ya bisibisi:
transista nne. Koili ya kushoto.
"Za asili hazipatikani.
Nitakazoweka zitasema,
ila si kwa sauti mliyoizoea."
Laki moja na ishirini. Niiache. Nirudi Alhamisi.

Saa mbili kasoro baba alivua viatu,
akaketi, akanyoosha mkono bila kutazama,
vidole vikazungusha hewa.
Kwenye kabati palikuwa na pembe nne safi
katikati ya vumbi.
Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga vizuri,
ina utangulizi, ina umeme wa mtaani kuyumba.
Vidole vikazungusha hewa tena.
Ukimya ukaleta pampu ya maji ya kina Mwinjuma,
ukaleta mwiko wa Siwema, uliosimama.

"Leo wamekufa akina nani?" akauliza.

Hotuba ikanikauka.
Nikasema: fyuzi, baba.
Akavua kofia, akaiweka gotini.
"Mungu amrehemu. Na nani?"
Transista. Nne.
"Familia nzima hiyo. Na nani?"
Koili ya spika ya kushoto.
Hapo alinyamaza kidogo.
Ile ya kushoto ndiyo ilikuwa upande wa sikio lake zima.

Akairudisha kofia kichwani,
akaniangalia mdomo, pale plastiki iliponichana.
"Na aliyewaua," akasema,
"amekula?"