Ndoo Yenye Tundu

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, nyuma ya duka la viti vya harusi,
nilichora ndoo ya kwanza mgongoni mwa kalenda ya mwaka juzi:
mdomo mpana, kitako chembamba, masikio mawili ya kupitishia pini.
Bwana Shekiondo wa mashamba ya chumvi kule Moa
alitaka mtambo wa kuchimbua mifereji yake.
Mnyororo uzunguke,
ndoo zipande zimeshiba, zishuke na njaa.

Mnyororo tuliupata Ngomeni, zamani ukivuta mkonge kwenye korona.
Fundi Kombo Makame aliupapasa pete kwa pete, akasema,
"Umevutika, lakini haujachoka."
Pete sitini na sita. Kila ya tatu, ndoo moja.
Nikizisogeza karibu, zinagongana zikizunguka gurudumu la juu;
nikizitenga, mnyororo unakwenda kwa kwikwi
na injini, tuliyoing'oa kwenye mashine ya kusaga, inakohoa.
Basi ishirini na mbili.

Meno nilikata kwenye springi ya lori.
Matatu kwa kila ndoo, ila si mahali pamoja:
hii ichane kushoto, inayofuata ichane kulia,
wa nyuma ale alichobakiza wa mbele.
"Kama sinia la shughuli," akasema Kombo,
akashusha kioo cha kuchomelea usoni.

Tulikwenda Moa Jumatano.
Tope la huko si udongo, ni deni:
jeusi, zito, linanuka yai.
Ndoo zikazama, zikaibuka zimejaa hadi masikioni,
zikafika juu, zikapinduka,
na tope likabaki ndani
kama mgeni wa siku ya tatu asiyetaka kuliona jembe.
Zikashuka nalo. Zikapanda nalo.
Tope lile lile likatembezwa hewani mpaka alasiri,
mfereji haukupungua hata kibaba.
Bwana Shekiondo hakusema neno.
Alifunga kidaftari cha malipo, akakitia mfukoni.

Usiku nilifuta, nikachora.
Mgongo nikaulaza. Pembe nikazivunja, zikawa duara
kama kikaango cha vitumbua,
maana penye pembe ndipo tope linapopanga chumba.
Bado moyo ulikataa.
Taa ya chemli ilinichoka kabla sijachoka mimi.

Asubuhi Mishi, mtoto wa jirani, alikuwa uani akipika keki za mchanga.
Kopo moja la maziwa analigonga, analipiga, analibembeleza:
halitoi.
La pili analigeuza tu, keki hiyo, imesimama.
Nikamwomba lile la pili. Akanitazama kama mwizi.
Nikalielekeza juani:
kitakoni, tundu la msumari.

Nilikaa pale pale, mchangani, na suruali ya kazini.
Tope halikuwa limeng'ang'ania chuma.
Lilikosa hewa ya kuagia.

Tukatoboa ndoo zote, chini mgongoni,
matundu mawili mawili, kila moja linapitisha kidole gumba.
Wapita njia wakasimama na kahawa zao mkononi.
"Jua limewapiga hawa. Nani hutoboa ndoo mpya?"
Kombo hakuinua kichwa.
Cheche zikawajibu.

Moa tena, Jumanne, maji yamekupwa.
Ndoo ya kwanza ikafika juu, ikainama,
ikasema pwa.
Ya pili, pwa. Ya tatu, pwa.
Ya kumi na saba ikasema pwi,
na mpaka leo sijui kwa nini.
Bwana Shekiondo alitoa kidaftari, akalamba kidole,
akaanza kutafuta ukurasa wetu.

Ile niliyoikata kwanza kabisa, ya majaribio, haikuona mnyororo wala tundu.
Iko uani, imejaa maji hadi masikioni.
Kuku wa mama Mishi wanainywea,
na kwao haina kosa lolote.