Kona Zilizokunjwa

Pajala, ukingoni mwa mto Torne.
Saa nane mchana, na giza limeshafunga maduka.

Vitabu vya Anneli vilifika Oktoba
ndani ya maboksi ya ndizi, kumi na moja,
yamefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo.
Mwanawe, Jouni, aliyapanga ukumbini,
akakung'uta theluji kwenye buti, akasema:
Mama mdogo, usipovitaka, vichome.
Nikamjibu, kuni ninazo.

Novemba sikugusa kitu.
Nililala kama gogo lililosahauliwa mtoni,
nikaamka, nikalala.
Simu iliita ikachoka.
Daktari wa Gällivare alinipa vidonge na neno moja,
subira,
kana kwamba nalo linauzwa duka la dawa.
Nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
misumari ya ukuta ikilia usiku kucha.

Kisha umeme ukakatika.
Friji likanyamaza, redio ikanyamaza,
nikaisikia nyumba yangu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.
Nikawasha mshumaa. Nikaikata kamba ya boksi la kwanza
kwa kisu cha samaki.

Dada yangu alikuwa mkunja kona.
Miaka hamsini nilimgombeza:
kitabu si leso, Anneli, weka alama kama watu.
Alicheka tu, akakunja nyingine mbele ya macho yangu.
Sasa nasimama penye kila kona
kama mtu apigaye hodi nyumba isiyo na mwenyewe.
Nini kilikushika hapa?
Ukurasa wa arobaini na mbili: mwanamume anamenya viazi.
Ukurasa wa mia na tisa: mvua, na farasi, basi.
Nilisoma mara tatu tatu, nikitafuta ujumbe,
hata siku ya nne nikang'amua:
hapa alisinzia.
Hapa maji yalichemka.
Hapa labda nilipiga simu mimi,
kumlalamikia magoti.

Tangu hapo siendi mbio.
Kurasa kumi, kisha unga.
Mkate bapa wa shayiri hauna haraka, nami sina pa kwenda;
naukanda, nautobоa kwa uma, nausubiri.
Kahawa naitia jibini, kama mama,
vipande vinalainika, vinalia kwenye meno.
Halafu koleo: mlangoni hadi getini, hatua ishirini na sita.
Nikigeuka, theluji imeshaanza upya nyuma yangu.
Zamani ningetukana.

Siku nyingine vitabu havifanyi kazi.
Nisiseme uongo. Kuna Jumapili nilisoma mstari mmoja
tangu chai mpaka usiku,
na mstari wenyewe siukumbuki.
Nilikikumbatia tu kile kitabu, kama chupa ya maji ya moto;
kikachukua joto langu,
kikanirudishia.

Boksi la sita: mwongozo wa kutengeneza trekta.
Anneli hakuwahi kuwa na trekta.
Kona imekunjwa penye gia ya kurudi nyuma.
Nilicheka peke yangu, kwa sauti, hadi paka akatoka chumbani,
kisha kicheko kikageuka, mnajua kinavyogeuka,
nikakiacha kipite.

Leo ni tarehe kumi na moja Januari.
Saa sita kasorobo jua limechungulia juu ya msitu,
limeingia kama mgeni asiyevua koti,
likagusa birika, likagusa boksi la saba,
likaaga.
Nimerudi kitini. Ukurasa wa kumi na nane,
na unga bado unaumuka.
Birika linapiga mluzi.
Natazama huku na huku, natafuta cha kuweka alama:
risiti, uzi, njiti ya kiberiti, chochote.
Mimi bado ni mimi, Anneli.