Hodi Elfu Tatu

Fargo, Januari. Theluji imekauka kama chumvi ya mawe
na hita ya gari langu inafanya kazi upande mmoja tu,
kwa hiyo upande wenye moto nampa kaka yangu.
Maili sabini kwenda, sabini kurudi,
vikao thelathini na sita.
Tunapita kiwanda cha sukari, moshi wake umesimama wima,
tunapita malundo ya viazisukari marefu kuliko kanisa,
naye hasemi kitu.

Darrin Lindaas, dereva wa malori ya mafuta:
safari mbili Iraki, moja Kandahari.
Alirudi na viungo vyote.
Watu wakahesabu, mikono miwili, miguu miwili,
wakamshukuru Mungu, wakala keki, wakaenda zao.

Vidonge vya kwanza vilimnenepesha.
Vya pili vilimkausha mdomo.
Vya tatu, vya nne, sikumbuki,
ila chupa zake nilizikosha, ninatunzia vifungo.
Daktari akaandika: sonona sugu.
Sugu, kama doa. Kama deni.
Kama lile sikio lisilosikia dawa;
methali niliijua mwisho wake, sikuimalizia.

Pakou Xiong anamvika kofia ya kitambaa,
anaweka alama kwa wino wa buluu,
kisha anatafuta.
Anasogeza koili, anagonga, anasogeza, anagonga,
kama mtu apapasaye ukuta gizani akitafuta swichi,
mpaka kidole gumba cha mkono wa kulia
kinaruka.
Chenyewe. Bila idhini ya mwenyewe.
Darrin akakitazama kama kuku wa jirani aliyeingia jikoni.
"Hapo hapo," akasema Pakou. "Sasa twende mbele kidogo,
kwenye chumba kilicholala."

Sauti yake ni ya kigogota:
ko-ko-ko-ko-ko, kimya,
ko-ko-ko-ko-ko.
Mara elfu tatu kwa kikao kimoja.
Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, vizibo masikioni,
nahesabu kadiri niwezavyo.

Adabu ya hodi ni mara tatu.
Usipojibiwa unageuka, unarudi ulikotoka,
na hakuna wa kukulaumu.
Ndivyo walivyofanya wenzake wa kikosi,
ndivyo alivyofanya mchungaji na bakuli lake la tambi,
na Carla, mkewe, ambaye simlaumu:
walibisha, wakangoja,
wakasikia televisheni ikiongea peke yake ndani,
wakaondoka.
Hata mimi niligeuka siku moja.
Nilifika mpaka kwenye gari, nikawasha injini.

Sumaku haina adabu.

Wiki ya kwanza, kichwa kinamuuma.
Wiki ya pili, hakuna.
Wiki ya tatu alimuuliza Pakou kama ana watoto
(nimeandika nyuma ya risiti ya petroli, tarehe na saa).
Wiki ya nne akaporomoka tena, siku mbili hakuoga,
nikamvuta kwa maneno makali hadi garini,
maneno ambayo sitayaandika popote.

Kisha kikao cha ishirini na saba,
kwenye mkahawa wa madereva, kando ya barabara kuu,
akaweka kijiko chini.
"Supu hii haina chumvi," alisema.

Miaka minne huyu mtu amekula nilichompakulia
kama anayejaza fomu.

Mhudumu akaanza kuomba radhi. Nikamwambia, dada, usiombe.
Nikaenda msalani, nikafungulia bomba zote mbili,
ya moto na ya baridi,
nikakaa humo mpaka mtu akabisha.

Sijui. Pakou anasema wengine hufunguka,
wengine hapana,
wengine hufunguka kisha wakafunga tena, na ndiyo maana
namba yake ya simu ameiandika kwa kalamu nene.
Vimebaki vikao tisa.

Jioni hii, njia ya kurudi, redio ina mikwaruzo,
kiwanda kimewasha taa zake,
na kidole gumba cha Darrin kinagonga dashibodi, taratibu,
kinaacha, kinagonga.
Sikuuliza ni nani anayegonga.
Nilipunguza mwendo.