Betri Yenye Njaa

Mwalimu Onzima amekuja mara ya tatu,
goti limefungwa kitambaa.
Hakunigombeza. Angenigombeza, ningekuwa na la kumjibu.
Aliiegemeza Yamaha kwenye nguzo,
akakalia tairi bovu, akatoa madaftari ya darasa la sita,
akaanza kusahihisha.

Pikipiki hii inamzidi umri kifungua mimba wangu.
Kiki moja, inanguruma.
Lakini taa, ikifika saa moja usiku pale Ediofe,
inageuka rangi ya chai ya mkandaa,
honi inakohoa mara moja, kisha kimya.
Mtaro wa Odramachaku aliuona kwa goti.

Mara ya kwanza nilisema: betri.
Mara ya pili nikasema: betri.
Ni neno jepesi, mteja hulielewa,
na duka liko hatua kumi, la shemeji yangu.

Leo kalamu nyekundu inakwaruza nyuma yangu.
Kosa. Sahihi. Kosa. Rudia.
Nikaitafuta mita chini ya makopo ya grisi,
nikaipuliza vumbi la Arua.

Injini imezimwa: kumi na mbili nukta tatu.
Nawasha, napiga resi mpaka kuku wa Mama Candiru wanatawanyika:
kumi na mbili nukta tatu.
Ingepaswa kupanda, igonge kumi na nne.
Basi betri haijafa. Betri ina njaa.
Je, mpishi yupo? Nikafungua plagi ya koili,
nyaya tatu za njano, huu kwa ule, ule kwa huu:
hamsini, hamsini, hamsini na moja.
Jikoni moto unawaka. Chakula kinapotelea njiani.

Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri,
nyingine kwenye ganda la regyuleta.
Hapa panatakiwa sifuri, au jirani yake.
Mita ikasoma mbili.
Volti mbili zinazurura mahali pasipo na kazi.

Waya wa kijani tunauita wa ardhi,
ingawa pikipiki haigusi ardhi ila kwa mpira;
ardhi yake ni mifupa yake mwenyewe.
Nikaufuata kwa kidole chini ya tangi
hadi kwenye boliti namba kumi,
na pale, kati ya pete ya waya na chuma,
rangi.
Nyeusi, nzito, imepakwa kwa ukarimu.
Naijua brashi ile. Naujua mkono ule.
Krismasi ya mwaka juzi aliniambia, "Ipendeze kidogo,"
nami nikaipendezesha mpaka ikashindwa kuhema.

Msasa. Chuma kikang'aa ukubwa wa shilingi mia.
Grisi kidogo. Nikakaza.
Kumi na nne nukta mbili.

"Ilikuwa nini?" aliuliza, macho yako daftarini.
Ningeweza kusema regyuleta.
Ningeweza kusema uzee, uzee haukatai kusingiziwa.
Juu ya kichwa changu balbu ya kibanda ilikuwa inawaka,
wiki ya tatu sasa inawaka bila kuyumba,
na iliyoilisha imejificha chini ya benchi, nyuma ya ndoo:
betri niliyomuuzia mara ya kwanza,
nikaitangaza maiti mara ya pili,
kisha nikaichaji usiku mmoja tu ikafufuka.

Nikazichomoa nyaya. Kibanda kikawa giza.
Nikaifunga kwenye kerea kwa mpira wa tyubu.
"Mwalimu," nikasema, "hii ni yako. Na rangi ni yangu."

Alinitazama kwa muda wa kusoma sentensi ndefu isiyo na nukta.
"Rudia," akasema,
sikujua kama ni mimi au ni daftari.
Akafunika kalamu, akapiga kiki.
Mwanga mweupe ukavuka barabara ya Vurra,
ukawapanga kuku wote kwenye ukuta wa Mama Candiru,
kisha ukaondoka naye.

Spana nilizikusanya kwa kupapasa.